Mahindi ya Wageni Wenye Njaa

...na sasa ni zamu ya Nawar, ukumbi mzima unajua ni zamu ya Nawar, hata yule mwanamke wa Kizungu wa kiti cha mbele mwenye miwani ya jua juu ya nywele ameacha kunong'ona na mwenzake, mtoto amesimama katikati ya jukwaa, kikapu cha mahindi kifuani, manyoya ya karatasi kichwani, na mbele yake Waingereza wamepiga magoti, Waingereza wa darasa la tano wenye ndevu za pamba, wanangoja kulishwa, na Nawar hasemi kitu, na bibi yake, Mahbuba, kwenye safu ya tatu, anayahisi yale maneno kwenye ulimi wake mwenyewe, kwa sababu ni yeye aliyemfundisha kuyatamka, karibuni wageni, nchi hii inatutosha sisi na nyinyi, kwa Kiingereza safi kile alichofundishwa yeye Unguja kwa rula ya vidoleni, na sasa anayameza, anabana midomo, haya, mwanangu, hivyo hivyo, usiwape... "Kasahau," anasema Thani, mwanawe, baba wa mtoto, amekaa kushoto kwake na kamera ya video jichoni, "mama, kasahau," naye anamjibu kimoyomoyo tu, hakusahau, wewe ndiye uliyesahau, wewe unayekunywa chai na Waingereza wa kampuni ya mafuta ukarudi nyumbani na kicheko chao, uliyenambia mama usiwe na hamaki, haya mambo ya miaka mia nne nyuma, na ndiyo maana tumeletwa hapa Ghubra, Maskati, na joto lote hili la Mei, eti miaka mia nne kamili tangu Waingereza wapige kambi yao ya kwanza iliyodumu kule ng'ambo, Amerika, kando ya mto wa watu, na skuli imeona isherehekee, kwa keki na kwa mchezo wa watoto, na mti wa kadibodi, na mto wa kitambaa cha buluu, sherehe... mwizi naye siku hizi hufanyiwa maulidi ya siku aliyovunja mlango... na alikwenda kwa mwalimu mkuu, hakukaa kimya, alivaa abaya yake mpya akaenda mpaka ofisini, akamwambia kwa Kiingereza kilichonyooka kuliko cha makarani wake, kwa nini mjukuu wangu ndiye mwenyeji wa kupeleka chakula, na yule mama akatabasamu, tabasamu lile analijua, la mtu anayekusubiri umalize ili aendelee na alichokuwa anakifanya, akasema, "Lakini Bibi Mahbuba, watu wale waliteseka mno, wengi wao walikufa kwa njaa na homa, walikula panya, walikula ngozi za viatu vyao, mchezo huu ni wa subira," subira, naye akasema, "Na nani aliwaita?" na yule mama akatazama saa... nani aliwaita, hilo tu, hilo ndilo swali, watu wametoka kwao na merikebu zao, hawajui kulima, hawataki kulima, wanatafuta dhahabu kwenye kinamasi, wanakufa njaa katika nchi ambayo wenyewe wanakula na kushiba, wanapewa mahindi, wakishapewa wanayazoea, wakishayazoea wanakuja kuyadai kwa bunduki, na usipotoa wanakuchomea kijiji, hayo amesoma, amesoma kitabu kizima alichoazima kwa makusudi, na mbele zaidi ikaja merikebu na watu weusi, wakabadilishwa kwa chakula, binadamu kwa chakula, lakini hilo katika mchezo halimo, katika mchezo baada ya mahindi kuna ngoma, na baada ya ngoma kuna keki... na siku zote huanza na kampuni, hapo ndipo wanapopumbaza watu, sisi wafanyabiashara tu, sisi kampuni tu, kule walikuja na kampuni, na kwetu pwani walikuja na kampuni, wakamwomba Sultani kipande cha kukodi, maili chache tu za ufukwe, na kalamu yao, na bendera iliyokunjwa vizuri chini ya kwapa... "Woiye, Nawar wetu," ananong'ona mtu kulia kwake, ni Phyllis, Mkenya, muuguzi, mama yake Alvin, na Alvin ndiye nahodha wa Waingereza, amepiga magoti mbele kabisa na upanga wa mbao, mtoto mweusi tititi mwenye ndevu nyeupe za pamba, anaigiza njaa kwa ufundi hasa, na Phyllis amefurahi, amefurahi mpaka machozi, Mahbuba alimuuliza walipokuwa wanangoja milango ifunguliwe, mwanangu, huoni vibaya, mtoto wako kufanywa Mwingereza, nyinyi ambao walichukua milima yenu mizima wakapanda chai, na Phyllis akacheka, "Mama, mimi nalipa karo. Alvin akiwa nahodha, akiwa mti, bora aongee watu wamsikie," ndivyo wanavyoshinda, hivyo hivyo, kwa karo, unawalipa wakufundishe jinsi walivyokushinda... na yeye je, aliyefanya kazi wizarani hapa Maskati miaka yote ile kwa sababu ya Kiingereza chao, walipofika kutoka Unguja na mama yake, chumba kimoja Darsait, watu wa mtaani wanawacheka Kiarabu chao, kilichomnunulia mama yake mchele ni kupiga taipu kwa lugha ya wale wale... lakini si sawa, si sawa hata kidogo, kwa sababu yeye aliuona mgongo wao, wengine wamesoma vitabuni yeye aliuona, ana miaka kumi na tatu, Januari ile ya Mapinduzi, risasi tangu alfajiri, na baba yake, Amur, karani, aliyemwandikia barua bwana wake Mwingereza tangu ujana, akamshika mkono Mahbuba wakapita vichochoroni mpaka nyumbani kwa bwana, kwa sababu bwana alikwisha kusema, Amur, wewe ni kama ndugu, na bwana alikuwa barazani anapakia, meli yao ishafika ya kuwachukua, wao na wake zao, na bwana ameshika tundu la kasuku wake, akasema samahani Amur, nafasi hakuna, amri haikutoka kwangu, na yule kasuku alikuwa amezoea kusikia bwana akiita kutoka ofisini, basi alipokuwa anashushwa ngazi anapelekwa garini akaanza kuita, Amur, Amur, kwa sauti ile ile ya bwana, akaita mpaka gari lilipokata kona, na baba yake amesimama pale na kanzu yake iliyopigwa pasi, na yule ndege alipata nafasi, na baba jioni ile wanamapinduzi wakaja kumchukua na hakurudi, basi wasimwambie yeye subira, wasimwambie waliteseka... na pale jukwaani Alvin anarudia maneno yake ili amsaidie mwenziwe, "Tunakufa, tupeni chakula," anasema tena, safari hii polepole, na nyuma ya pazia mwalimu ananong'ona, wel-kam, wel-kam, na ukumbi unaanza kukohoa, na Nawar bado, kikapu kifuani, haangalii pazia, haangalii Waingereza, anaangalia huku, safu ya tatu, anamtafuta bibi yake, na Mahbuba moyo unamruka kwa furaha mbaya ambayo hakuijua tangu lini, kwa sababu ni yeye, jana alasiri, mtoto amekaa chini baina ya magoti yake anamsuka, alimwambia, nakwambia siri yetu mimi na wewe, ukifika pale kwenye mahindi, usiwape, kaa kimya, waache wakae na magoti yao, kitana kinapita, mafuta ya nazi, mpaka msuko wa pili, kisha mtoto akauliza... akauliza nini yule mtoto... aliuliza kitu... ndiyo, akauliza, "Bibi, na sisi Unguja tulipewa au tulichukua?" na yeye akamvuta msuko, akamwambia, "Tulia, utanifanya nikosee njia," akaendelea kusuka... tulipewa, bila shaka tulipewa, kila Idi nyumbani kisa ni kile kile, babu mkubwa, Saeed, katoka Ibra, Omani ya bara, ukame umeua mitende, kashuka Pemba hana kitu, kanzu moja na homa, na mtu wa pale akampa muhogo na pahali pa kulala, msimu mzima, akamuuguza, na watoto hupenda pale babu alipokula muhogo wa kwanza akadhani ni mti, wanacheka, na mama yake humaliza kwa kusema ndiyo ukarimu huo, na baada ya hapo kisa hurukia kwenye mikarafuu, mikarafuu ya Saeed ilianza barabarani ikaishia baharini, na kati ya muhogo na mikarafuu hakuna kitu, kisa kinaruka, mbona kinaruka, yule mtu alikuwa na shamba, alikuwa na muhogo, basi alikuwa na ardhi ya kupandia muhogo, ilikuwa wapi, na nani aliyechuma karafuu zote zile, si Saeed na kanzu yake moja, wale waliochuma walifikaje, kwa merikebu ya nani... si sawa, sisi tulioa kule, tulizika kule, tulisema lugha ile, baba yangu alikufa kule, si sawa, anasema, na anasikia jinsi anavyosema, kwa sauti ya mtu anayetazama saa... "Mama," anasema Thani, kamera ameishusha mapajani, na mara hii sauti yake si ya mtu mkubwa, "mama, anakuangalia wewe, mpe ishara basi, mtoto ataangusha kikapu," na kweli, kikapu kimeinama, hindi moja limedondoka likabingirika mpaka kwenye goti la Alvin na Alvin hakuligusa, anajua halijatolewa, na Nawar macho yake hayakumwacha bibi yake, naye alidhani ni macho ya mtoto anayengoja ruhusa, au anayetaka kusifiwa kwa kutii, lakini hayako hivyo, anayajua macho yale, ni yale ya jana, baina ya magoti, shingo imegeuzwa huku msuko unamvuta, mtoto kauliza na anangoja ajibiwe, na watu wote hawa wamekaa kwenye viti vya plastiki wanangoja pamoja naye bila kujua... angetikisa kichwa, mtoto angewanyima, angeinamisha kichwa, mtoto angewapa, ni jambo dogo, shingo tu, na dakika iliyopita alijua anataka lipi kama anavyojua jina lake, na sasa shingo haiendi huku wala kule, chuki ipo, iko pale pale, ya kasuku na ya ngazi na ya kanzu iliyopigwa pasi, haikupungua hata tone, ila imepata mwenzake, imekaa na kitu kingine kando yake na hawasalimiani, na yeye anachokitafuta, huku Phyllis amemshika mkono bila kuulizwa, huku mwalimu ananong'ona wel-kam kwa mara nyingine, anachokitafuta ni jina la yule mtu wa Pemba aliyetoa muhogo, anapita Idi baada ya Idi, sauti ya mama yake, sauti ya shangazi zake, kicheko cha watoto, anapita tena, na jina halimo, hakuna aliyewahi kulitaja, na katika umri wake wote yeye hakuwahi kuliuliza.