Kadi Zilizopona

Verna Stidham alikuwa akitoboa kadi za wachimba makaa waliofariki msimu ule wa baridi, ili mashine kubwa ya kampuni isome matundu yake, kahawa ikimpoea kando na vipande vya karatasi vikimjaa kwenye sketi. Kila kadi ilikuwa na safu ya chanzo cha kifo: saba ni vumbi la mgodini, nne ni moyo. Wajane wa saba waliachiwa nyumba ya kampuni. Wa nne walipewa pole na mwezi mmoja wa kuhama. Kampuni iliagiza wote watobolewe nne.

Imogene, mwenzake wa meza ya jirani, alizihakiki kwa kubonyeza kila kadi upya. Mashine yake ikakwama, taa nyekundu ikawaka.

"Shoga, zako zimepona tena."

Verna akaziangalia. Tundu la nne lilikuwa limeziba, limebaki kovu jembamba. La saba lilikuwa wazi, kingo zake nyeusi kwa makaa.

"Verna, kadi hatuokoti barabarani," alinung'unika Bwana Haskett, msimamizi wao. "Toboa nyingine."

Mchana ilifika kadi ya Delmer, mumewe. Delmer alikohoa miaka mitatu, na mwishoni alikuwa akilala ameketi kwenye kiti cha jikoni, kwa kuwa kitandani pumzi haikupanda. Daktari wa kampuni aliandika moyo. Verna alibonyeza nne kama alivyoagizwa, akaweka kidole gumba juu ya tundu, akalihisi likijiziba taratibu. Lilikuwa na joto.

"Lete hapa," Imogene alisema, akaipitisha ilivyo. "Anifukuze akitaka."

Bwana Haskett hakumfukuza mtu. Alimwita fundi, naye akafungua ubao wa nyaya kwenye mashine kubwa, akahamisha waya mmoja ili saba isomwe nne. Alimaliza hata sigara yake haijaisha.

"Haya, akina mama. Ziacheni zipone zitakavyo."

Kadi zikapita kwa kelele, ya Delmer katikati yao, na orodha ikatoka: moyo, moyo, moyo.

"Naomba nitoke mapema, Bwana Haskett," Verna alisema.

"Kuna nini?"

"Nikatafute maboksi ya kufungia vyombo."

Akamruhusu, mradi amalize kwanza kadi za siku hiyo. Verna akarudi kitini, akazitoboa tundu la nne, moja baada ya nyingine. Zote zilipona.