Mgongo wa Mama Mkwe

...na mgongo ule si wa mama yake, mama yake ameinama upande mmoja tangu ile homa, huu umenyooka kama nguzo ya ghala, umevaa gomesi ya kijani, umekaa kwenye benchi la wageni ng'ambo ya waya, umempa kisogo yeye Maloba, Msamia wa Bulumbi, mfungwa aliyechuchumaa mstarini na mikono juu ya magoti, maana mfungwa hasimami mbele ya afande, wala hakai, mfungwa huchuchumaa, akihesabiwa alfajiri huchuchumaa, akipokea posho na maharagwe huchuchumaa, akitaka kwenda haja huchuchumaa kwanza aombe ruhusa ya kwenda kuchuchumaa, ndivyo Ekaju alivyosema siku ile wakacheka mpaka nyapara akawachapa fimbo, na sasa Ekaju huyohuyo, Mteso mwizi wa ng'ombe ambaye mkeka wake umegusana na wa Maloba, anamnong'oneza bila kugeuza shingo, «Nani huyo amekuja? Mama yako?» Nyamaza, Ekaju. «Aa, mkwe! Yesu! Mkwe amekuja jela! Leo utaona moto, ndugu yangu,» na mabega yake yanatikisika kwa kicheko cha kufichwa, acheke, yeye hana mke wa kumpoteza... mkwe, ndiyo, mama wa mkewe Alaso, mama ambaye Maloba hajalitamka jina lake tangu siku alipopeleka ng'ombe wa mahari kwa Wateso wa Mella, na kwa nini amekuja yeye, kwa nini si Alaso, Alaso alikuja mwanzoni, akaja tena, akakaa palepale kwenye benchi, halafu mvua zikaanza na hakuja, mvua zikaisha na hakuja, na wiki iliyopita ameletwa mfungwa mpya kutoka Mella, anasema aliona ng'ombe wakiswagwa barabarani kuelekea Busia, njia ya Bulumbi, ng'ombe wa nani, hakujua, mmoja alikuwa na doa jeupe kwenye paji... ng'ombe wengi wana doa jeupe kwenye paji, Maloba amejiambia hivyo akilima shamba la gereza, akikatua majani, akiwa amelala ubavu mmoja kama samaki mkaangoni kwa kuwa selo haina nafasi ya mtu kulala chali, wengi wana doa, lakini ng'ombe wakirudi Bulumbi basi mke hakuna, haina rufaa hiyo, hakimu wake ni zizi.

Na uso wake ameusahau. Hili hajamwambia hata Ekaju, kwamba uso wa Alaso umefutika kichwani, anautafuta asubuhi na haupo, kilichobaki ni uzito, vile baiskeli ilivyotulia siku ile alipopanda nyuma pale Busia upande wa Kenya, amenunua sufuria, akamwambia nivushe mpaka, na Maloba aliyewavusha watu na magunia na kuku tangu ujana wake akahisi kwa mara ya kwanza kwamba baiskeli ilikuwa ikimngoja abiria huyu, Alaso akamshika shati, si kiuno, shati, kidogo tu hapa mgongoni, na mpaka leo pale mahali panawasha, shati la jela linapapaka jasho na panawasha vilevile... «Macho mbele!» anafoka afande, macho yako mbele, afande, yanaona nini kingine, sheria ya siku ya wageni ni kwamba ukiitwa utachuchumaa mbele ya mgeni wako, waya katikati, uso kwa uso, mseme kwa sauti na kwa Kiswahili ili afande asikie, sheria safi, haina kosa hata moja isipokuwa aliyeiandika hakuwahi kuoa, au alioa kwao mbali ambako mtu humtazama mama mkwe machoni kama anayetazama bei ya chumvi, maana Wasamia na Wateso hawapatani hata kupika mboga, lakini hapa wanapatana, mkwe na mkwe hawaangaliani, wakikutana njiani mmoja huingia kichakani, na Maloba akivunja sheria ya afande anakatwa siku za msamaha, ile theluthi ya tabia njema aliyoilea kama yai, akiivunja ile nyingine atakatwa na nani, na kitu gani... Aliwahi kuivunja. Kwenye matanga ya baba mkwe, alikuwa amejificha nyuma ya ghala kama ipasavyo, polisi wakaja na sheria yao mpya ya kukataza pombe ya waragi, pipa lilikuwa la mama mkwe, la kuwapa waombolezaji, na mmoja akamshika mama yule kifundo cha mkono akamvuta mpaka kitambaa kikaanguka kichwani, nywele nyeupe nje mbele ya watu wote, na Maloba akatoka na mchi, taya la mtu likavunjika, miaka mitatu na kazi ngumu, hakimu akauliza kwa nini ulimpiga askari wa serikali, na mkalimani akangoja, na korti ikangoja, mtu aeleze nini, kwamba kitambaa kilianguka?

«Wewe mama! Geuka huku! Hapa si kanisani!» Afande amesimama juu yake. Na sauti ile ambayo Maloba ameisikia daima kupitia ukuta inasema, «Nageuka namna gani, na yeye iko pale?»

«Yeye nani? Mfungwa?»

«Sitaji jina.»

«Utageuka, ama utarudi kwenu na kikapu yako,» na wageni wengine wanacheka, mwanamke mmoja anasema geuka tu dada, jela haina miko, na mgongo unasogea, anainuka, Mungu wangu anainuka, na hapo Maloba anamkumbuka binamu yake Ojiambo, ambaye mkewe aliondoka na ng'ombe wakarudishwa, akakutana na mama mkwe wake soko la Busia, na mama hakuingia kichakani, alimtazama machoni, akampa mkono, habari yako kijana, na Ojiambo mwanamume mzima akalia katikati ya vitunguu, kwa kuwa anayekutazama hivyo hana tena haja ya kukuonea haya, umekuwa mtu wa njiani... basi akigeuka ndiyo habari yenyewe, hahitaji hata kufungua mdomo, amesimama, mkono uko kwenye kitambaa, usigeuke, mama, mimi niliyekesha nikiomba uso wowote kutoka nje nakuomba unikatalie wako, na mama anakivuta kitambaa kinafunika hadi mashavu, anaketi tena, kisogo kilekile, «Niandikieni kosa,» anasema, «mimi simwangalii mume wa mtoto wangu.»

Mume wa. Hakusema aliyekuwa. Ekaju hacheki tena. Jua halijasogea, mstari haujasogea, magoti yanawaka, bado watu watatu mbele yake, na kilichomzuia Alaso bado hakijui, ni homa, ni mto, atakisikia, lakini akiitwa atachuchumaa pale na macho yake chini, kwenye vumbi, na afande atafoka na atafoka tena, basi, siku za msamaha wazichukue zote, aliyezitaka ni Maloba yule wa asubuhi, aliyekuwa na haraka kwa kuwa hakujua kama huko nje bado kuna anayemngoja.