Fahali Aliyetoka Usingizini mwa Acom

Jumapili baada ya ibada, Asio alishuka kwenye bodaboda mbele ya nyumba ya baba yake, nje kidogo ya Tororo, akiwa na mkate, sukari, kipande cha sabuni na chupa ya dawa ya maumivu, ya maji, rangi ya waridi. Aliinunua Busia upande wa Kenya, ambako huuza mitumba na kulala chumba kimoja na wanawake wenzake. Binti yake Acom, wa miaka mitatu, aliyelelewa na babu, aliumwa sikio hata akawa anatembea na kichwa upande, kama kuku anayesikiliza mvua. Kikombe cha kupimia dawa kilikuwa kimepasukia ndani ya mfuko.

"Papa, utampa kijiko kidogo, jioni tu," Asio alisema. "Sikio likipona, wacha."

"Mimi nimenywesha ndama dawa tangu wewe hujazaliwa," Mzee Otai alijibu.

Ilikuwa kweli. Ndama wakiharisha, kijiji kizima kilimwita yeye. Kwake dawa haikuwa imefika mpaka mnyama apaliwe kidogo, na haikuachwa eti kwa sababu mnyama amesimama. Ugonjwa ukiachiwa mapema, alisema, unarudi na ndugu zake. Kwa hiyo alitumia kijiko cha kupakulia mboga, na sikio lilipopona aliendelea.

Jioni moja Acom alilala mapema. Otai alikuwa bado anafungia kuku aliposikia ukelele. Alimkuta mtoto ameketi kitandani, macho wazi, jasho linamtiririka, anasukuma hewa kwa viganja. Alimtazama babu yake bila kumjua. "Inakuja," alisema, kisha akalala kama taa iliyozimwa.

Asubuhi fahali mweusi alikuwa amesimama uani.

Otai alimfungua mdomo akamtazama meno. Yalikuwa mazuri. Hakuwa na alama ya moto wala kupe hata mmoja. Hakuwa na kivuli pia, lakini siku hiyo kulikuwa na mawingu. Alipopumua, alinukia ile dawa ya waridi.

Ng'ombe aliyepotea lazima atangazwe, basi Otai alimwita Laban, Mwenyekiti wa kijiji, na Laban akamtangaza sokoni na kwenye makanisa yote mawili. Hakuna aliyejitokeza. Acom alipoletwa amtazame, aliingia chini ya kitanda akakataa kutoka.

"Ni yule," alisema kutoka huko chini.

"Basi imekwisha," Laban aliamua. "Ng'ombe ametoka kwa mtoto, ni wa mtoto. Na mtoto yuko mkononi mwa nani? Mwa babu yake."

Maksai wa Otai walikuwa wamekufa kwa ndigana, homa ya kupe, wakati wa kiangazi. Mvua ilikuwa imeanza, na shamba lilikuwa bado gumu kama uso wa mdai. Alimfunga fahali nira. Peke yake fahali alivuta plau vizuri kuliko maksai wawili, hakuchapwa wala kuomba maji. Jua lilipozama alipungua polepole kama moshi wa jiko, mpaka nira ikaanguka chini. Otai aliokota nira, akanawa mikono, akampa Acom dawa. Ukelele ulikuja. Asubuhi fahali alikuwepo.

Majirani hawakuwa na maksai pia. Zamu za kulima zilipangwa kwenye chungu cha ajon, pombe ya ulezi, kila mtu na mrija wake mdomoni, na hakukuwa na ugomvi wowote. Desturi ilifuatwa: atakayelimiwa atapika pombe na kuwalisha walimaji. Kuhusu kumlisha mwenye ng'ombe, ilikubaliwa kwamba mtoto apelekewe yai. Acom aliyaweka mayai yale dirishani, hakula. Alikuwa ameanza kutafuna ukosi wa gauni lake, na jua likielekea kuzama alikwenda kusimama mlangoni, akilitazama.

Asio aliporudi kutoka Busia hakuna aliyemficha jambo.

"Papa, sikio bado?"

"Lilipona zamani."

"Sasa dawa ni ya nini?"

"Ya kulima," Otai alisema. "Ile yako iliisha. Mwenyekiti akaleta nyingine."

Asio alimnyanyua mtoto. Alikuwa mwepesi kama nguo iliyokauka. Alikwenda naye mpaka kituo cha afya, ambako Sista Bridgit alimpima homa, akamwangalia sikioni, akamgonga mgongo.

"Mama Acom, watoto wadogo wengine hushtuka hivi usingizini hata bila dawa," alisema. "Asubuhi hawakumbuki, na wakikua inaisha. Wako akina mama wanasema hizi dawa za maumivu zinaleta. Mimi siwezi kukuambia ndiyo, siwezi kukuambia hapana. Lakini mtoto hana maumivu, na anapewa kijiko cha mboga! Simamisha leo."

"Nitasimamisha, Sista."

Bridgit alinawa mikono. Alipokuwa akijifuta, aliuliza, "Na huyo ng'ombe, plau anaivuta sawa?"

Asio alirudi nyumbani akamwaga chupa kwenye mgomba. Jioni hiyo Mwenyekiti alituma nyingine pamoja na salamu. Akaimwaga pia. Watu wakaanza kuja, mmoja mmoja, na heshima zao zote. Walivua kofia, wakamuuliza hali ya Busia, wakasifu kitenge chake, na kila mmoja aliacha chupa mezani.

"Papa, huyu mtoto atakufa kwa woga."

"Asipolala tutakufa kwa njaa, na yeye akiwemo," Otai alisema. Hakupandisha sauti. "Unataka nimwambie nini Laban? Pombe ameshaipika."

Asio alipokwenda kuoga, Otai alimpa mtoto dawa kwenye uji.

Asubuhi, kabla fahali hajafungwa nira, Asio alimbeba Acom mgongoni akapanda bodaboda kwenda Busia. Fahali aliwafuata nyuma kwa hatua zilezile za shambani, na bodaboda haikuweza kumwacha. Acom alikuwa amefunika uso kwa shuka la mama yake njia nzima.

Mpakani ofisa wa mifugo alitoka kibandani na chai yake.

"Mtoto apite," alisema. "Ng'ombe hapana. Kuna karantini."

"Si wangu, afande. Anafuata tu."

"Anafuata nani?"

"Huyu mtoto. Jioni atakwisha."

"Basi ngojeni akwishe."

Walingoja kivulini mwa malori. Rasto, kijana anayevusha watu kwa njia za panya, alimzunguka fahali akampapasa shingo.

"Siste, mimi navusha sukari, navusha mafuta, mwaka jana nimevusha bibi harusi na kabati lake," alisema. "Lakini hii? Panya mwenyewe atakataa."

Jua lilipotua, fahali akapungua, akaisha. Asio alimfunga mtoto vizuri mgongoni, akasogea kwenye kizuizi. Ofisa alikuwa amejaa huruma, lakini aliweka mkono mbele yake.

"Yuko wapi sasa?"

"Amekwisha, si umeona mwenyewe?"

"Nimeona anaingia kwa mtoto. Dada, kuvusha mnyama ndani ya mtu ni magendo. Akitokea huko Kenya kesho asubuhi, mimi nitasema nini?" Akamwitia bodaboda ya kuwarudisha, akapatana naye nauli kwa niaba yake.

Njiani Acom hakulala. Mama yake alimwimbia, naye alijishika kope kwa vidole ili zisifumbe. Nyumbani walimkuta Otai nje, na benchi lililojaa watu waliosimama wote kumpokea Asio mizigo.

"Yoga, mwanangu," mmoja alimsalimu kwa Kiteso. "Tulijua hutatutupa."

Asio aliketi kitini, mtoto mapajani. Alisema atamkesha yeye mwenyewe, kila usiku, hata kama nafasi yake sokoni itachukuliwa. Watu walisema huyo ni mama kweli. Alisema atakwenda kwa Mkuu wa Wilaya. Walisema aende, watamchangia nauli, lakini apitishe siku ya kesho. Otai alikuwa ameleta kijiko. Alikuwa amekiosha kwa maji ya moto, kwa sababu Sista Bridgit huagiza usafi.

Acom aliangalia kijiko, kisha benchi lote, uso baada ya uso.

"Kesho ni shamba la nani?" aliuliza.

Otai alikohoa.

"Ni la wale wajane wa nyuma ya kanisa," alisema. "Hawana mtu."

Acom alifikiri. Mikono ya mama yake ilikuwa imemzunguka, naye akaishika kama mtu mzima amshikavyo mgonjwa. Kisha akafungua kinywa, kabla babu yake hajamimina.