Saa Kumi kwa Mama Mbithi

Jumatatu moja ya mwezi wa tatu, mwaka wa tisini na tano, Kathini alitoka na ndoo kwenda bombani akakuta bomba halipo. Mbele ya mlango palikuwa na duka la mazulia, na kinyozi alikuwa akifungua kibanda chake. Alirudisha ndoo ndani, akagonga ukuta wa jirani yake mwenye duka la vyakula.

"Zaid, tuko wapi?"

"Eastleigh, Mama Mbithi. Nyuma ya First Avenue. Mikate yote nimeshauza."

Vyumba vyao vilikuwa vinane, vya mawe, chini ya paa moja refu la mabati. Hadi Jumapili vilikuwa vimesimama miaka kumi na tisa kwenye ploti ya chama cha wachonga vinyago, pembeni mwa Komarock. Mwanzia, mume wa Kathini, alikuwa mwanachama, na alipofariki chumba kilibaki kwa mjane wake. Mwezi wa kwanza mwenyekiti wa chama, Mzee Mbaluka, alileta karatasi akasema ni ya hati ya ardhi, kila mtu aweke alama yake. Wachongaji hawana mazoea ya sahihi. Kila mmoja aliweka alama ambayo huichonga chini ya kinyago, na Kathini akaweka ya mumewe, mistari mitatu na nukta. Sasa, alama hiyo haichongwi ila kinyago kikiwa kimekwisha, tayari kwenda kwa mnunuzi. Hakuna aliyelikumbuka hilo. Ploti ikauzwa. Jumapili mafundi walimaliza ua wa waya, na kwa kuwa nyumba hazikuwa na ardhi tena, ziliondoka.

Hakuna aliyefukuzwa. Mzee Mbaluka alilisema hilo mara nyingi baadaye, na lilikuwa kweli.

Jumanne waliamka Mukuru kwa Reuben, kando ya ukuta wa kiwanda, na wapangaji wawili wakapata kibarua kabla ya chai. Jumatano wakawa Eastleigh tena, upande mwingine. Watu walizoea. Asubuhi waliulizana mahali kabla ya kuulizana hali. Zaid ndiye aliyelalamika kidogo.

"Leo wateja wanataka mchele, kesho wanataka sigara moja moja. Nitaweka nini dukani, mama yangu? Nimekuwa kama mchuuzi, na miguu sijaisogeza!"

Kathini hakuzoea. Mwanawe wa pekee, Mbithi, alikuwa dereva wa lori la kwenda Malaba na ng'ambo ya mpaka. Aliondoka mwezi wa kwanza akasema atarudi Pasaka. Barua zake zilipitia sanduku la posta la chama, na Mzee Mbaluka alikuwa amebadilisha kufuli. Mtoto angerudi akute waya, na hapakuwa na njia ya kumwambia mama yake yuko wapi.

Alinunua kamba ya katani akaifunga safu ya vyumba kwenye nguzo ya stima. Asubuhi waliamka kwingine, kamba ikiwa imekaza vizuri, na nguzo walikuwa nayo. Huko walikotoka watu walikosa stima siku mbili.

Kila siku alienda Komarock kusimama kwenye ule ua. Mlinzi alikuwa kijana mrefu, Abdiqadir.

"Akija Mbithi, nimwambie mko wapi?"

"Leo Reuben."

"Na kesho?"

"Kesho sijui, mwanangu."

"Basi mama, hapo mimi nitasema nini?"

Kwa kukimbia huku na huku, Kathini alikosa ushirika wa akina mama wa vile vyumba Alhamisi tatu. Ushirika ulikuwa saa kumi jioni, na mwezi ule zamu ya nyumba ilikuwa yake. Akina mama walikuja, wakachukua ufunguo kwa Zaid, wakaomba bila yeye. Alhamisi ya nne kiongozi wao, Syombua, alimkuta mlangoni amejifunga leso, tayari kutoka.

"Unahangaika kama kuku anayetafuta pa kutagia. Kaa chini."

"Mtoto wangu atakuta waya, Syombua."

"Na ukikimbia, waya utang'oka? Mungu hakuwa mpangaji kwenye ile ploti. Kaa."

Alikaa. Walisuka vyondo hadi saa kumi, wakaviweka chini, wakaimba. Tangu vyumba vianze kuhama sakafu ilikuwa na mtetemo mdogo, kama wa lori lililosimama likiunguruma. Kwenye ubeti wa pili mtetemo ulikoma. Maombi yalipokuwa yakiendelea Kathini alifungua jicho moja. Mlango ulikuwa wazi, na nje ilikuwa Komarock, kokoto, waya, na Abdiqadir anakunywa chai. Kijana alimpungia mkono. Waliposema amina, ukuta wa kiwanda ukarudi.

"Umeona?" Kathini akauliza.

"Kila Alhamisi ni hivyo. Ungekuja ungeona."

Tangu siku hiyo aliomba kila siku saa kumi, pamoja na yeyote aliyekuwepo. Mwanzoni alipiga magoti huku akiuchungulia mlango, na siku hizo mlango ulionyesha pale walipoamkia tu, hata angeimba mpaka sauti ikauke. Ilibidi aombe kweli. Alimweleza Mungu habari ya mistari mitatu na nukta. Alimtaja Mzee Mbaluka kwa maneno ambayo Syombua alisema si ya ushirika. Siku nyingine maneno yalimwishia akabaki amenyamaza, na hapo ndipo sakafu ilipotulia kuliko siku zote. Saa zilizobaki alihangaika kama zamani.

Alhamisi Kuu ilifika. Waliimba nyimbo zote walizozijua. Syombua akaomba kwa muda mrefu, akaanza kupunguza sauti kama mtu anayetafuta pa kumalizia.

"Usifunge," Kathini akamnong'oneza, macho yamefumbwa. Akachukua maombi yeye. Aliombea wagonjwa, halafu wasafiri, matairi, breki, daraja la kila mto kutoka Malaba. Akasikia kokoto zikilia chini ya viatu. Shingo ilitaka kugeuka. Alijua akiangalia mlango atapata ukuta wa kiwanda, na mwenye viatu atabaki na waya wake.

"Na kama si yeye, Baba," akasema, "wewe bado upo."

Akaendelea kufumba macho. Viatu vilipanda kizingiti. Mtu akapiga magoti kando yake, akinuka dizeli.

"Amina," Mbithi akasema, na nje ikawa Reuben.

"Mwaitu," akamwambia mama yake, "yule mlinzi ameniambia nikimbie, eti mkifunga maombi hampo. Tuko wapi hapa?"

"Reuben. Kula kwanza."

Alikula muthokoi sahani mbili. Jumatatu ya Pasaka Kathini alimsindikiza hadi barabarani, akamwambia akirudi aende kwa Abdiqadir kabla ya saa kumi, asichelewe. Mbithi akasema sawa. Ilikuwa njia kama njia nyingine.

Mwezi wa sita ghala lilijengwa kwenye ploti, na kila jioni mlango wa Kathini ulisimama katikati ya magunia ya saruji kwa muda wa maombi. Mzee Mbaluka alichaguliwa tena mwenyekiti bila kupingwa. Siku moja mwenye ghala alikuja mwenyewe saa kumi, akawasikia akina mama wakiimba. Alivua kofia, akasubiri kwa heshima hadi amina.

"Wanakuja kila siku?" akamuuliza Abdiqadir.

"Kila siku, bosi."

"Wanaharibu kitu?"

"Hapana. Wanasali tu."

Mwenye ghala alivaa kofia yake, akautazama ua kutoka pembe hadi pembe, kisha akaagiza uongezwe futi mbili kwenda juu.