Sungura Aliyeitwa Kuruta

Hakim alikuwa fundi wa malori mjini Arua, mtu wa mabega mapana, mikono imeiva mafuta machafu, na raha yake kubwa hapa duniani ilikuwa sungura. Si wa kuuza wala wa kula. Alikuwa nao wawili tu, kwenye kizimba nyuma ya nyumba yake mtaa wa Awindiri. Jioni akirudi gereji, kabla hata hajavua ovaroli, alichuchumaa uani kuwafundisha michezo.

Alijifunza kwenye simu, video ya wazungu. Wale walikuwa na kidude cha kubonyeza kinacholia. Yeye alitumia kifuniko cha chupa ya jemu, kile cha bati chenye kitovu katikati. Ukikibonyeza, tak! Sungura akifanya unachotaka, unabonyeza papo hapo, kisha unampa kipande cha karoti. Basi. Hupigi, husukumi, hufoki. Babake Hakim alikuwa mwanajeshi wa Koboko, na wanawe aliwalea kama askari wapya. "Mimi nilifundishwa na kiboko," Hakim alimwambia mkewe. "Mpaka leo sikumbuki somo, nakumbuka kiboko tu."

Yule wa kijivu alimwita Sajini. Sajini alisimama kwa miguu ya nyuma, alizunguka ndoo, aliruka katikati ya ringi ya baiskeli. Mweupe alimwita Kuruta, kwa sababu hakujua lolote. Kila Hakim alipochuchumaa, Kuruta alijibana pembeni mwa kizimba, masikio yamelala mgongoni, mbavu zikipanda na kushuka.

Majirani walisema, "Mungu hakuwapa watoto, basi wamezaa sungura." Maneno hayo yalikuwa yakimchoma Zam, mke wa Hakim, hata akaacha kwenda kisimani saa za watu. Hakim alikuwa akicheka tu.

Kisha jeki ikateleza chini ya lori, na Hakim alikuwa uvunguni.

Walimzika Koboko kwa babake. Zam akarudishwa Awindiri kukaa eda ndani ya nyumba ya mumewe, na watu wakasubiri alie. Hakulia. Hakukataa kula, aliwekewa chakula mbele, akakitazama mpaka kikapoa. Waliomjia kwa tanzia aliwajibu vizuri, kila mtu na salamu zake, lakini sauti yake aliisikia kama inatoka chumba cha pili. Moyo ulikuwa umekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Tofauti ni kwamba mguu hurudi na kuwasha. Huu haukuwasha.

Ndugu wa mume walikuja wakaomba pikipiki. Akasema, "Chukueni." Wakaomba vyombo vya kazi vya marehemu. Akasema, "Chukueni." Wakaomba redio, na koti la mvua. Jibu lilikuwa lile lile.

Aliyewalisha sungura siku zile ni Agnes Keji, jirani wa nyumba ya pili, mama wa Sudan Kusini aliyeuza samaki wakavu sokoni. Kila jioni alirudi na majani ya viazi kwenye beseni. "Dada," alisema, "mutu iko na njaa anaweza sema. Hii nyama ya Mungu haisemi." Zam aliitikia kwa kichwa.

Arobaini ilipokaribia, akaja Hamdani, mdogo wa Hakim, kutoka Koboko. Zam alijitanda ushungi, akaketi mkekani na Agnes kando yake. Hamdani alibaki mlangoni, kofia mkononi.

"Shemeji, pole tena. Kule nyumbani wageni iko mingi. Nimesema hata ile sungura ya kaka itasaidia kwa sufuria."

"Chukua," akasema Zam.

Agnes akamgeukia. "Dada! Hata Sajini?"

"Wote."

Hamdani alikwenda uani na gunia. Wakamsikia akihangaika: mlango wa kizimba, tusi dogo, ndoo imepinduka. Mwishowe akaita, "Shemeji, hii kitu inakimbia kwa pembe. Kaka alikuwa anaitaje?"

Zam akainuka. Kifuniko kilikuwa dirishani, pale pale Hakim alipokiweka. Akatoka nacho uani, Agnes nyuma yake, akakibonyeza bila kufikiri. Tak.

Sajini akatoka kizimbani. Akaenda moja kwa moja mpaka miguuni pa Hamdani, akasimama kwa miguu ya nyuma, mikono midogo kifuani, akamtazama usoni.

Hamdani alishika gunia, hakulifungua. "Inangoja nini?"

"Karoti," akasema Zam. "Kaka yako alikuwa akimpa karoti."

Sungura hakuondoka. Alisimama akiyumba kidogo, pua ikichezacheza. Hamdani akaketi chini, mtu mzima, juu ya matope ya ndoo iliyomwagika, akalia kwa sauti kama anavyolia mtoto aliyechapwa. Agnes naye akajifuta macho kwa upande wa kitenge. Zam aliwatazama wote wawili. Alijua kwamba jambo hili linauma, kama mtu anavyojua kwamba Koboko iko mbali.

"Na ile nyeupe?" Hamdani aliuliza baadaye, akijipangusa matope. "Inajua nini?"

"Huyo hajui kitu."

Hamdani aliondoka na gunia tupu.

Kesho yake, Agnes akiwa sokoni, Zam alitoka uani na kigoda. Hakuwa na nia yoyote. Nyumba ilikuwa kimya, uani pia kimya, ila uani palikuwa na jua. Alifungua kizimba, akaketi, kifuniko kimo kiganjani. Sajini alimaliza michezo yake yote kwa mfululizo, akala, akalala. Kuruta alibaki pembeni.

Hakim alikuwa akimbembeleza. Alimwita kwa majina matamu, alimnyooshea karoti, alimsogelea kwa magoti, na macho yake yaling'aa kwa hamu. Pengine hamu ile ndiyo iliyomtisha mnyama. Zam hakuwa na hamu. Alikaa kama jiwe la kufulia. Asipokuja, sawa. Akija, sawa pia.

Siku hiyo hakuja. Wala iliyofuata. Kisha asubuhi moja Kuruta alitoa pua nje ya kizimba. Tak, na kipande cha karoti kikaanguka mbele yake. Akarudi ndani mbio. Baada ya kitambo, pua tena. Tak.

Hivyo ndivyo kazi ilivyoanza, na eda yote ikapitia humo. Pua, kisha mguu mmoja, kisha mwili mzima. Zam aliegemeza ringi ukutani. Kuruta akiitazama tu, tak. Akiisogelea, tak. Kazi ile haikumtaka Zam awe na furaha, wala awe na huzuni. Ilimtaka awe na macho. Akichelewa kubonyeza, sungura anachanganyikiwa. Akiwahi, anamfundisha uongo. Basi akatazama. Usiku alilala, jambo ambalo hakuwa akilifanya.

Siku Kuruta aliporuka katikati ya ringi, Agnes alipiga vigelegele hadi majirani wakachungulia juu ya ua. "Umefurahi, dada?" aliuliza.

Zam alijipekua kwa dhati, kama anayetafuta ufunguo mfukoni. "Sijui," akasema. "Bado."

Eda ilipokwisha alioga, akabadili nguo, akaenda Koboko kumwamkia mama mkwe. Sajini alimwachia Agnes. Kuruta alimtia kwenye tenga la kufunga, akachukua na karoti na kile kifuniko cha jemu. Mwenyewe hakujua kwa nini anambeba.

Mama mkwe alikuwa barazani, amekonda. Tangu maziko hakuruhusu mtu ataje jina la mwanawe. Zam alipiga magoti akamsalimia. Bibi alimshika kichwa, kisha akatazama tenga.

"Hamdani aliniambia. Huyu ndiye aliyefundishwa na mwanangu?"

Ingekuwa rahisi kusema ndiye. "Hapana, Mama. Huyu alimshinda. Nimemfundisha mimi."

"Haya. Nionyeshe."

Ringi ilipatikana kwa mtoto wa jirani. Lakini Kuruta alipotolewa alikutana na kuku, mbuzi, moshi na wanawake wa ukoo waliokuja kutazama. Akajikunja kama kitambaa, asisogee. Wanawake walingoja, wakacheka, wakaenda kwenye mapishi yao. Bibi hakuondoka. Naye alikaa kama jiwe. Wawili wale walikaa pamoja, kivuli cha nyumba kikatambaa mpaka miguuni pao.

Hatimaye Kuruta akainua sikio moja. Tak. Akanusa hewa. Tak. Akajivuta polepole, akaweka miguu ya mbele juu ya unyayo wa bibi, unyayo mkavu uliopasuka kisigino. Tak.

"Hakim," bibi akasema, jina tu. Machozi yalimshuka bila sauti. Alinyoosha mkono akaomba kifuniko, akakijaribu kwa kidole gumba. Alikosea, akajaribu tena, kikalia. Kuruta akamtazama. Bibi akampa karoti, na akacheka huku bado analia.

"Niachie huyu, mwanangu," akasema. "Nikae naye hapa. Niwe na kitu."

Zam alifungua kinywa kusema chukua, neno lililokuwa limelala tayari ulimini. Badala yake akamwinua Kuruta, akampakata kifuani.

"Hapana, Mama," akasema. "Huyu narudi naye."

Alishtuka mwenyewe. Alimkatalia mzazi wa mumewe, mbele ya nyumba yake. Akangoja kukemewa. Bibi alimtazama kwa muda, kama anayemwona kwa mara ya kwanza tangu maziko.

"Sawa," akasema. "Basi utakuwa unakuja naye."

"Nitakuja, Mama. Na mwenzake nitamleta."

Wanawake wa ukoo walileta maji ya kunawa, posho, yaani ugali wa muhogo, na kunde zilizoungwa kwa simsim ya kusaga. Zam alimega tonge la kwanza akalila. Kunde zilikuwa na chumvi nyingi. Aliomba maji, akanywa, akamega tena.