Isale Mbele ya Picha

Mlinzi wa mlangoni alidhani nimeleta maua.

"Maua yanawekwa kule mezani, dada," aliniambia. Kisha akatazama vizuri nilichoshika: tawi fupi la isale, jani moja limefungwa fundo. Akarudi nyuma hatua moja. Lafudhi yake ilikuwa ya Old Moshi kama yangu. Alinifungulia mlango.

Picha ilining'inia mwisho wa ukumbi, kubwa kuliko mlango wa nyumba yetu. Kilele cha Kibo kilikuwa cheupe, na nyuma yake mkanda wa nyota ulipanda kama moshi wa kuni mbichi. Mbele, safu ya masale meusi, mmea uleule niliokuwa nimeushika. Chini yake kibao: Mshindi wa Kwanza, na jina moja tu, Praygod.

Masale yale yamezunguka kaburi la bibi yangu.

Praygod alikuja kihambani kwetu, kwenye shamba la migomba lililozunguka nyumba, mwaka jana, mwezi wa tisa. Alikuwa mpiga picha wa harusi mjini Moshi. Mama yake, Mama Zita, alikuwa akinunua ndizi kwetu tangu nikiwa mdogo, kwa hiyo baba alimpokea kama mwana. Alitandaza vifaa vyake kwenye mkeka kama mganga: kamera, lenzi pana kama mdomo wa kikombe, stendi ya miguu mitatu, na kimashine kizito kinachozungusha kamera polepole ili ifuatane na nyota. Bila hicho, alisema, nyota hutoka zimevutika kama minyoo.

Siku tatu mfululizo alipata minyoo. Aliilaumu baridi, akailaumu betri, akamlaumu aliyemwazima kimashine. Mimi nilimshikia tochi niliyoifunga kitambaa chekundu ili isituumize macho. Siku ya nne nilijikaza nikauliza.

"Kinatakiwa kitazame wapi?"

"Pale ambapo nyota hazihami. Simu inanionyesha huku, dira inanionyesha kule." Akacheka. "Kwani utapajua wewe, darasa la tano?"

Nikacheka pia. Mtu mwenye aibu hucheka hata anapochomwa.

Niliacha shule darasa la tano, mama alipofariki na ng'ombe wakabaki mikononi mwangu. Tangu hapo naamka kukamua kabla jogoo hajawika, na mlango wa banda letu unatazama bondeni, kusini. Nyota karibu zote nimeziona zikipanda na kushuka. Lakini juu kidogo ya mnara wa simu kuna mahali peusi, na nyota za pale hujizungusha tu, kama mbuzi aliyefungwa kambani. Sikuwahi kumwambia mtu. Nani angeuliza?

Praygod alipoingia ndani kunywa chai na baba, niliihamisha stendi hadi masale ya Bibi yakaingia kwenye kioo. Nikakigeuza kimashine kikaupa mlima mgongo, nikakiinamisha mpaka karibu kulala, kuelekea mahali pangu peusi. Kamera yenyewe nikaiacha ikitazama Kibo. Nikabonyeza, nikahesabu kama nilivyomsikia akihesabu. Halafu nikakizima kimashine na kubonyeza tena ili ardhi nayo isivutike. Yeye ndiye aliyeziunganisha picha hizo mbili baadaye kwenye kompyuta, sikatai.

Alipotoka akatazama kioo. Safari hii hakucheka. Kila nyota ilikuwa nukta.

"Elisifa," alisema, "tutaandika majina mawili."

Nilimwamini. Jina langu halikuwa limeandikwa popote tangu daftari la mahudhurio.

Nilisikia habari ya tuzo redioni, nikiwa nakamua. Mtangazaji alimuuliza aliipataje picha ile. "Nilikuwa peke yangu juu kule nyikani," Praygod akajibu. "Mimi, Mungu na nyota." Ng'ombe aliipiga ndoo teke nami sikuinua mkono kuiokoa.

Nilimpigia simu. Alipokea kwa sauti ya upole, na upole ule ndio uliniumiza.

"Dada yangu, kubonyeza kitufe si kupiga picha. Halafu nani atakusikia? Wewe utasimama mbele za watu uongee?"

Alijua. Kanisani niliwahi kupewa mistari miwili nisome, sauti ikanikauka mpaka mchungaji akanimalizia. Tangu simu ile, nilipokata majani ya ng'ombe nilikata shingo yake. Nilipotwanga, nilimtwanga yeye. Nilifanya hivyo miezi mitano, kimya, na watu wakasema Elisifa siku hizi ana bidii.

Wiki moja kabla ya maonyesho, Mama Zita alikuja bila kikapu. Alishika isale, jani ambalo kwetu huletwa kuomba msamaha, kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Praygod amenituma. Anasema amekukosea, ila hataki kuniambia nini. Mambo ya vijana. Mimi nimeleta tu."

Alipoondoka, isale lilibaki mezani. Baba alilisogeza kwangu.

"Halikataliwi," alisema. "Hata aliyemwaga damu, akileta isale anapokelewa."

"Baba, asiye na kosa anaweza kuleta isale?"

"Alete la nini?"

"Basi nimelipokea," nikasema, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya redio nikala nikashiba.

Ndiyo maana nilisimama ukumbini, kando ya picha, isale mkononi, bila kusema neno. Sikuhitaji. Kina mama wa mlimani waliokuja wamevaa vitenge vizuri walianza kunyamaza mmoja mmoja. Praygod alinijia upesi, tabasamu limemganda usoni.

"Ulishalipokea," alinong'ona. "Yameisha."

"Nimelipokea," nikasema.

Bi Zuleha, mwandaaji wa maonyesho, ni Mwislamu wa mjini, lakini amekulia Moshi na anaijua mila ya isale. Alinitazama mkono, akatazama masale ya kwenye picha.

"Binti, nani amekukosea?"

Niliinua isale juu kidogo. Nyuma yetu Mama Zita akainuka kwenye kiti cha mbele, kile cha mzazi wa mshindi.

"Ni la mwanangu," alisema. "Nililipeleka mimi. Praygod, waambie watu ulimkosea nini mtoto wa mwenzangu."

Kipaza sauti kilikuwa tayari mkononi mwa Praygod. Alikisogeza mdomoni. Midomo ilicheza, sauti haikutoka. Nilikijua kikombe kile. Nilisimama nikamtazama akikinywa chote, na nilitamani kisiishe.

Aliongea mwishowe, maneno machache: picha tuliipiga wawili. Bi Zuleha akakibandua kibao, akanipa kalamu. Niliandika jina langu mwenyewe, herufi zimepinda.

Mama Zita siku hizi ananunua ndizi kwa wengine. Hilo linaniuma.

Isale nililipanda kwenye kaburi la Bibi, na limeshika. Baba hufikiri ni dalili kwamba nimesamehe; sijamwambia kwamba bado. Watu wote wa kwetu wanajua kuwa isale halihitaji kumwagiliwa.

Mimi ninalimwagilia kila asubuhi, lisije likafa.