Fanuel Anapanua Boma

Trekta ya Fanuel ilipoingia Rangwe mara ya kwanza, ikiwa imebebwa juu ya lori, watu walicheka mpaka wakajishika mbavu. Walitarajia kuona tinga la maana, wakaona kitu kinachomfikia mtu kifuani. Wakaibandika jina la Kijukuu. Lakini Kijukuu alipita mahali ambapo trekta kubwa hazithubutu: katikati ya mihogo na ukuta wa choo, chini ya mipera, kwenye ule mteremko wa kushukia mtoni. Alilima, akavuta trela la mchanga, akafyeka nyasi za uwanja wa kanisa, akang'oa visiki, na masika yalipochachamaa akawakwamua matopeni wale wale waliokuwa wamecheka. Baada ya muda kicheko kiliisha, jina likabaki.

Aliyemjua Kijukuu kuliko wote hakuwa Fanuel mwenyewe, bali binti yake Awino. Awino ndiye aliyesikia injini ikikohoa akajua ni chujio la dizeli. Ndiye aliyejua klachi ikanyagwe vipi kwenye tope. Wanaume waliokuja kumposa walimkuta amelala chali chini ya trekta, mafuta yamemfika kwenye viwiko, wakanywa chai yao wakarudi walikotoka. Au pengine ni yeye aliyewarudisha. Hakuna aliyewahi kumuuliza akapata jibu la maana. Hakuolewa, na hakuonekana kuumia. Aliyeumia ni mama yake, Emmaculate, na hata yeye alikuwa ameshazoea.

Kisha figo zikamgeuka Awino. Alilazwa hospitalini Homa Bay, akaletwa nyumbani, akarudishwa, na mara ya mwisho aliyerudi ni Fanuel peke yake, akiwa na mfuko wa nguo.

Wiki ile ya msiba, Emmaculate alikuwa na hasira kuliko huzuni. Huzuni ilikuwepo, lakini ilikuwa imekaa nyuma inangoja zamu yake. Hasira ilianza siku wazee walipokaa sebuleni kupanga mazishi. Ochieng, kaka mkubwa wa Fanuel, alisema jambo ambalo kila mtu alijua atalisema. Msichana ambaye hajaolewa hazikwi ndani ya boma la baba yake. Atalazwa nje ya ua, upande wa nyuma, na mwili wake hautapita langoni. Akizikwa ndani, wasichana wa ukoo watakosa waume. Aliyasema kwa upole, akitazama mikono yake, kisha akamgeukia ndugu yake.

"Fanuel, uko na neno?"

"Sina neno, kaka," Fanuel akajibu.

Emmaculate alikuwa nyuma ya mlango ameshika sinia la vikombe. Alingoja mumewe aongeze kitu, hata kikohozi. Hakuongeza. Wazee wakapita kwenye habari ya hema na viti, na yeye akaingia akawapa chai, kwa sababu mtu aliyefiwa na mtoto bado anatakiwa kuwapa watu chai.

Nje. Alilitafuna neno hilo usiku na mchana. Nje ni kule ambako mbuzi wa watu wanapita. Nje ni kule anakomwaga majivu. Mtoto aliyewalimia, akawachotea maji, akawajengea hata hiki choo cha kisasa wanachojivunia, leo anatolewa nje kama mtu aliyekuja kuomba chumvi. Na baba yake hana neno.

Kilichomkera zaidi ni kwamba baba huyo huyo hakukosa nguvu za kufanya kazi. Kuanzia asubuhi Kijukuu alikuwa akinguruma. Fanuel alifunga mashine ya kufyekea akakata nyasi za boma zima, mahali pa kuweka hema. Akaifungua, akafunga trela, akaleta kuni, akaleta tangi la maji, akaleta mchanga na kokoto. Akafunga bamba la kusawazishia akachonga barabara kutoka lami, ili gari la mochari lisizame. Waombolezaji walimsifu kwamba ni mwanamume kweli, amejikaza. Emmaculate alisikia sifa hizo akatamani kumtupia mwiko. Mwanamume mwenye nguvu za kufyeka nyasi zote hizi, alijiambia, alishindwa kufungua mdomo mara moja tu.

Alhamisi mlio wa trekta ulihamia nyuma ya nyumba na haukuondoka huko. Ulipanda, ukashuka, ukapanda tena kama injini inayovuta kitu kisichotaka kuvutwa. Emmaculate aliacha sufuria akaenda kuona.

Ua wa boma lile ulikuwa wa minyaa, ile miti isiyo na majani inayotoa utomvu mweupe kama maziwa, mkali kiasi cha kumpofusha mtu. Ulipandwa na baba mkwe wake, na Fanuel, kwa kuwa ndiye kitinda mimba, ndiye aliyebaki kwenye boma la baba akaurithi pamoja na nyumba. Sasa upande wote wa nyuma ulikuwa na pengo. Fanuel alikuwa amezungusha mnyororo kwenye shina la mnyaa mwingine, akapanda kwenye kiti, akaachia klachi, na mti ukatoka na mizizi yake. Mbele zaidi, ndani ya shamba lililovunwa mahindi, plau ilikuwa imechora mtaro mmoja mrefu uliopinda kuzunguka mahali ambapo Ochieng alisema kaburi lichimbwe.

"Baba Awino, unafanya nini?"

Fanuel alizima injini. Mikono yake ilikuwa na madoa meupe, na macho yalikuwa mekundu.

"Napanua boma."

"Nani amekuambia upanue boma?"

"Ochieng alisema azikwe nje ya ua, pale nyuma. Hakusema ua ikae wapi." Akayapangusa macho kwa bega. "Ni utomvu, umenirukia."

Haukuwa utomvu, na Emmaculate alijua. Alitaka kucheka, akalia badala yake, pale pale kwenye shimo la mnyaa. Kisha akaifunga kanga vizuri, akachukua panga, akaanza kukata matawi ya minyaa iliyong'olewa na kuyachomeka mtaroni. Mnyaa hauhitaji kubembelezwa. Ukichomeka tawi ardhini linashika. Yeye alichomeka, mumewe akafukia kwa bamba la trekta akirudi nyuma taratibu, na hasira iliyokuwa imemshika tangu siku ya kikao ikaanza kumwachia. Alimpenda tena yule mzee, na alimwonea haya kwa yote aliyokuwa amemfikiria.

Ijumaa asubuhi Ochieng alikuja kuwaonyesha vijana mahali pa kuchimba. Alizunguka nyumba akasimama. Aliwaambia vijana wakanywe uji kwanza.

"Hiyo ua imehama," akasema.

"Boma imekua, kaka," Fanuel akajibu. Alikuwa amekaa kwenye trekta. "Mtu anakua, boma pia inakua."

"Unacheza na mimi."

"Sichezi. Mtoto wangu hatalala na mbuzi za watu."

Emmaculate alisogea akasimama karibu na gurudumu. Alikuwa na maneno tayari, ya miaka yote, na safari hii hangemwachia mwanamume ayaseme. Lakini Ochieng hakupandisha sauti. Aliupita mtaro mpya, akaangalia shamba lililobaki upande wa pili, akaangalia kwa muda mrefu.

"Na Adoyo?" akauliza.

Fanuel aliachilia usukani. Emmaculate akamtazama mumewe, akamtazama shemeji yake.

"Adoyo ni nani?"

"Nyar Rongo," Ochieng akamwita kwa jina la kwao, binti wa Rongo, kama alivyomwita tangu alipoolewa, "hukuambiwa kwa sababu haisemwi. Ni dada yetu. Mimi ndio wa kwanza, yeye akanifuata, huyu ndio wa mwisho. Ng'ombe za mahari zilikuwa zinakuja, malaria ikamchukua kabla hazijafika. Baba akamweka huko nje." Alionyesha shamba kwa kidevu. "Hakuna mtoto alipewa jina yake. Aliwekewa jiwe tu."

"Sijawahi kuona jiwe hapa," Emmaculate akasema. Amelipalilia shamba lile tangu akiwa bibi harusi.

"Nililitoa mimi," Fanuel akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mwaka trekta ilikuja. Ilikuwa inavunja plau. Mama Awino, usiniulize kama nilijua. Nilijua."

Ochieng alikaa chini kwenye tuta la udongo mpya, kwa uzito wa miaka yake. Alipoanza kusema tena hakumtazama yeyote.

"Hiyo siku nilikuwa ng'ambo na ng'ombe. Nikaona ukipitisha plau juu yake. Nikarudi nyumbani nikalia kama mwanamke, na sikukuambia kitu. Nilisema, ni nje, na nje ni shamba, si makosa ya Fanuel. Baba pia nilimsamehe. Nilikuwa nasema, Baba alimpenda, lakini haikuwezekana. Nimezeeka nikisema haikuwezekana." Akagusa tawi moja la mnyaa lililochomekwa jana. "Sasa unaniambia iliwezekana. Siku moja, na mnyororo."

Yale maneno yote ya Emmaculate yalimkaukia mdomoni. Alikuwa amekuja kupigana na mzee mwenye moyo mgumu, akakuta mtu aliyefiwa kabla yake ambaye hakuna aliyewahi kumpa pole. Na yeye mwenyewe, alifikiri, ni mara ngapi amekaa katikati ya mahindi haya akala kiporo chake, akacheka na Awino, miguu imenyooshwa juu ya msichana wa watu.

"Alikuwa mahali gani?" akauliza. "Nionyesheni."

Wazee wawili waliingia shambani. Ochieng alisema ilikuwa karibu na kichuguu. Kichuguu hakikuwepo, Fanuel na Awino walikisawazisha na trekta ili walime vizuri. Fanuel alisema hapana, ni juu zaidi, sambamba na ule mti wa siala. Siala nao ulishakatwa ukawa milango. Ochieng alisimama mahali akasema hapa. Fanuel akasimama mbali naye akasema hapa. Kati yao palikuwa na mabua makavu tu, mstari baada ya mstari ulionyooka vizuri kwa kazi ya Kijukuu.

Emmaculate aliwatazama wakihama huku na huku mpaka akashindwa kuvumilia.

"Shamba lote liingie ndani," akasema.

"Likiwa ndani, na watu wamelala hapo, halilimwi tena," Fanuel akasema. "Tutakula nini?"

"Kuna lile la mtoni. Litatutosha ama halitatutosha. Lakini mimi hapa sipalilii tena."

Fanuel alimtazama kaka yake. Ochieng alikuwa bado amesimama pale alipodhani ni penyewe, kofia mkononi.

"Matawi hayatatosha," akasema mwishowe. "Nitatoa kwa ua yangu."

Akaenda mwenyewe kukata. Mtaro ulichorwa upya, kuanzia kona ya nyumba mpaka mwisho wa shamba na kurudi, na Kijukuu aliupitia polepole huku wazee na wanawake wakimfuata kwa matawi. Sharti moja tu Ochieng hakuliachia: msichana asipite langoni. Fanuel hakubishana. Aliacha pengo kwenye mstari mpya, upande wa nyuma.

Jumamosi gari la mochari lilifika mpaka hapo barabara ilipoishia, likashindwa kukata shamba. Jeneza likawekwa kwenye trela. Fanuel aliendesha, kwa gia ya chini kabisa, akageuka nyuma kila mara kuangalia kama halitikisiki, na Emmaculate akatembea kando ameshika mbao za trela. Waliingia kwa lile pengo. Vijana wakaliziba nyuma yao.

Mchungaji Stanley alisoma, akaomba, akataja jina la Awino binti Fanuel. Ochieng akainua mkono.

"Mchungaji, kuna mwingine. Sema pia Adoyo."

Watu walitazamana. Wengi hawakuwahi kulisikia jina hilo. Wachache, wazee sana, waliinamisha vichwa. Mchungaji alilisema. Hapo Emmaculate akapiga kilio alichokuwa amekizuia wiki nzima, akimwita mtoto wake, kisha akimwita wifi yake ambaye hakuwahi kuuona uso wake, jina moja na jingine, mpaka wanawake wakamshika.

Wakati wa kutupa udongo, Fanuel alitupa wake juu ya jeneza, na Emmaculate akatupa wake. Ochieng alichota konzi, akafika ukingoni, lakini hakuutupa. Aligeuka akaondoka na udongo ule mkononi mpaka katikati ya mabua. Alisimama. Alisogea hatua chache kushoto, akasimama tena, akaangalia kule alikosema Fanuel, akaangalia kule alikosema yeye. Kisha akaanza kutembea kwenye mstari, akiudondosha kidogo kidogo kati ya vidole, kila mahali kidogo, asije akamruka dada yake. Ukamwishia kabla hajafika nusu ya shamba.